Karatasi Niliyokutuma kwa Mzee Wambura

Nyamisana mwanangu, mama yangu,

Nakusalimu ukiwa bado mtu wa nyumba hii. Saa hizi uko sokoni na mama yako mnatafuta ndoo yenye mfuniko, na mimi nimefunga kazi mapema, nimeikung'uta meza ya kurandia, nimekaa hapa karakana na daftari. Kesho asubuhi unapanda boti kwenda Rukuba kuanza kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya kisiwani. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kuchagua marafiki mama yako ameshayasema, na ninavyomfahamu atayasema tena mwaloni, kwenye maboti, mbele za watu. Mimi sitaongeza.

Nina jambo moja nimelikalia miaka kumi na sita. Kwa nini naliandika badala ya kulisema, unajua. Kigugumizi changu umekikuta nyumbani kama ulivyozikuta kuta. Siku uliyozaliwa muuguzi aliniuliza jina la mtoto, nikasema "Nya... nya...", naye alikuwa na haraka, akaandika kwenye kadi "Nyanya". Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo, akamwambia afute, huyu anaitwa Nyamisana, jina la mama mkwe wake. Kosa hilo lilikuwa la ulimi, tukalifuta siku ileile. Ninalotaka kukuandikia leo halikuwa la ulimi.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe.

Nilipokuwa shule ya msingi kijijini kwetu Majita, mwalimu alikuwa akiita majina asubuhi, na kila mtu anaitika "Nipo". Neno dogo hilo lilikuwa linanikwama. Mpaka nilitoe, mwalimu ameshafika majina matatu mbele. Kwenye daftari la mahudhurio nilionekana mtoro, na mimi nimekaa dawati la mbele kabisa. Nimechapwa viboko vya utoro kwa siku ambazo nilikuwepo. Nyumbani nilizoea kuonyesha kwa kidole. Nikitaka uji naonyesha sufuria, nikitaka kwenda ziwani naonyesha ziwa. Watu walidhani ni mtoto mpole. Sikuwa mpole, nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo. Halikuwa na kinanda wala ngoma. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vinne au vitano kwa watu themanini, na aliyekuwa nacho mara nyingi ndiye asiyejua kusoma, alikishika tu kwa heshima. Aliyeanzisha nyimbo alikuwa bibi mmoja anaitwa Nyakwesi, muuza mihogo mikavu. Hakuwa na sauti nzuri. Alianza juu siku akiwa na furaha, akaanza chini siku miguu inamuuma, na kanisa zima likamfuata huko huko alikoanzia. Wanaume wakitafuta sauti yao ya chini, wanawake wakigawanyika wenyewe bila mtu kuwapanga, wa mlango wa nyuma wakichelewa kidogo, hivyo wimbo ulikuwa kama unaingia mara mbili.

Nilikuwa na miaka tisa, nimebanwa kwenye benchi katikati ya bibi yako na mjomba wangu, siku niliposikia sauti ya mtoto inaimba beti nzima pasipo kukatika. Nikageuka kuangalia ni nani. Ilikuwa yangu.

Sikuweza kuelewa. Tulipotoka nje nilimkimbilia rafiki yangu kumweleza, nikakwama neno la kwanza kama kawaida. Nikaona basi, imepotea. Jumapili iliyofuata ikarudi tena. Ikawa hivyo kila wiki: humo ndani nikiimba na wenzangu maneno yanatembea, nikitoka nje yanasimama. Baadaye nilikuja kuelewa sababu, au nilijipa mwenyewe. Mtu anaposema peke yake, neno linamngoja yeye alianzishe, na kuanzisha ndiko kulikonishinda. Lakini watu wakiimba pamoja neno limeshaondoka, wewe unaliingia tu, kama watoto wanavyoingia kwenye kamba inayozunguka. Hakuna aliyeniponya kigugumizi. Walinibeba nacho, na wala hawakujua kama wamebeba mtu.

Nikawa nawaangalia sana wale watu wakati wa kuimba. Humo walikuwemo majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba, hawajasalimiana tangu mvua za mwaka wa nyuma. Mmoja alikuwa na sauti ya chini, nzito, na mwenzake alikuwa anaimba ile ya juu yake. Hawakuangaliana. Lakini mwisho wa kila mstari walivuta pumzi kwa pamoja, watu themanini kifua kimoja, na wao wawili wamo. Mimi sijui mahubiri ya siku hizo yalisema nini. Ile pumzi ninaikumbuka.

Hayo ndiyo niliyopewa bure. Sasa sikiliza nilivyoyafanya.

Nilipokuja Musoma mjini nilijifunza useremala kwa Fundi Salumu hapa Nyasho, Mwislamu mwenye moyo mpana, ambaye hakuwahi kunicheka hata siku moja. Nilikuwa nikiranda mbao huku naimba taratibu, naye alikuwa akisema, "Imba, fundi, ukiimbaga mbao inakwenda sawa." Jumapili nilijiunga na kwaya ya kanisa letu hili. Sikio langu lilikuwa zuri, na miaka michache baadaye nikafanywa mwalimu wa kwaya. Fikiria mtu kama mimi kuwa mwalimu wa kitu chochote. Sikuhitaji kusema. Nilikuwa naimba sehemu ya kila sauti, wao wananifuata. Mbele ya kwaya nilikuwa mtu mwingine, mtu mzima, na watu waliokuwa wananionea huruma barabarani walikuwa wananisimamisha kunipongeza.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Tukapata kinanda, tukapata spika mbili kubwa na maiki nne. Tukaanza kualikwa Bunda na kwingineko, tukavaa sare. Nyimbo za kanisa zima nikaziona za kizamani, zinakokotwa. Nikawashawishi wazee wa kanisa tupunguze zile za wote tuongeze za kwaya. Kisha nikawashawishi tuondoe mabenchi ya mbao, tununue viti vya plastiki, maana mabenchi yalikuwa yanatuonyesha kama kanisa la kijijini. Wakakubali. Mbao za yale mabenchi nilizichukua mimi mwenyewe, nikazitengenezea jukwaa la kwaya. Nilikuwa najivunia jukwaa lile kuliko kabati lolote nililowahi kutengeneza.

Sasa nakuja kwa Mzee Wambura.

Huenda unamkumbuka, huenda humkumbuki. Alikuwa mtu mrefu, amepinda kidogo, amefanya kazi ya kuchimba dhahabu Buhemba tangu ujana. Baruti za huko zilimharibu masikio. Alipozeeka alikuja kuishi kwa binti yake hapa mjini, akawa anasali nasi. Alikuwa anaimba kwa nguvu zote, na alikuwa anachelewa. Sisi tukimaliza mstari, yeye bado ana neno moja mkononi. Zamani wakati wa mabenchi hakuwa akichelewa sana, watu walimzoea. Tulipoingiza viti vya plastiki akazidi. Akawa anapanda mahali pa kushuka, anaendelea mahali pa kunyamaza. Na alikuwa haangalii kulia wala kushoto, amefumba macho, uso unang'aa.

Tulikuwa tunajiandaa kurekodi nyimbo zetu siku ya ibada. Nilijua sauti yake itaingia. Kumwambia mwenyewe nilishindwa. Yeye hasikii, mimi sisemi. Ningesimama mbele yake nusu saa watu wakitutazama. Nikaandika karatasi. Nayajua maneno yake kwa moyo, kwa sababu niliyapanga vizuri kama mtu anayeandika tangazo: "Mzee Wambura, shikamoo. Kwaya inakuomba usiimbe. Unaharibu wimbo. Kaa tu usikilize. Mungu akubariki."

Nikaikunja, nikakupa wewe. Ulikuwa na miaka saba, uko darasa la pili, umetoka kujua kusoma, ulikuwa unasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Nikakuonyesha kwa kidole: kampelekee babu yule pale mlangoni.

Sikujua kwamba Mzee Wambura hajui kusoma. Sikuwahi kumuuliza. Alipoifungua akaigeuzageuza, akakuinamia akakuambia umsomee. Nilikuwa jukwaani nakunja waya wa maiki. Nilikusikia unaanza kwa sauti ya darasani, ile ya kujivunia. Akasema, "Kwa nguvu, mjukuu wangu, sisikii." Ukarudia. Akasema tena, "Kwa nguvu." Ukapaza sauti. Watu walikuwa wanatoka, wakasimama. Mara ya tatu nadhani ndipo ulipoanza kuelewa unachokisoma, kwa sababu neno "unaharibu" lilitoka wazi na neno "wimbo" halikutoka.

Ningeweza kushuka jukwaani. Zilikuwa hatua kumi. Nikaendelea kukunja waya.

Mzee aliichukua karatasi mkononi mwako, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akakurudishia. Ulikuja ukanipa, ukasema, "Babu amesema nikwambie amesikia."

Nikaitia mfukoni. Sikukuambia neno. Kurekodi kulikwenda vizuri.

Jumapili mbili alikuja akakaa kimya, mikono magotini. Ya tatu hakuja. Tukasikia amehamia Butiama kwa mtoto wake wa kiume. Mimi nilisema moyoni kwamba wazee wanahamahama. Kanisa likaendelea, na ungemuuliza mtu wa wakati ule angekuambia lilikuwa linasonga mbele. Watu walikuwa wanatupigia makofi. Sikutambua kwamba mtu anayepiga makofi ameshaacha kuimba.

Mwaka ulipofikisha miaka tisa, bibi yako, wajina wako, akafariki. Nilipeleka kwaya yote Majita kwa mazishi, na sare, na kinanda. Nilitaka kumzika mama yangu kwa heshima. Tukaimba nyimbo zetu tatu nilizozipanga mwenyewe. Zilikuwa nzuri. Watu wa kijijini walikaa kwenye majani wakatusikiliza kwa adabu, kama wageni kwenye msiba wao wenyewe. Nilikuwa naongoza kwa mikono lakini sikuweza kuimba hata sauti moja.

Tulipomaliza, kabla mchungaji hajasimama, mwanamke mmoja mtu mzima alianzisha wimbo wa Kijita kutoka nyuma kabisa. Alianzia chini mno. Hakuna aliyejali. Watu walinyanyuka, kwanza wanawake, kisha wanaume waliokuwa wameshika majembe, na wimbo ukatujia kutoka pande zote za lile kaburi. Sikuamua kuimba. Nilijikuta naimba, machozi yanatoka na maneno yanatoka, moja halizuii jingine. Nilimzika mama yangu nikiwa nimeshikiliwa na sauti za watu ambao wengine nilikuwa nimesahau majina yao. Mwanangu, nimesifiwa sana maishani kwa kuimba, lakini siku ile ndiyo niliyojua wimbo ni kazi ya nani. Kwaya yangu yenyewe ilikuwa imeacha mistari yake ikaingia katikati ya watu, na hungeweza kujua nani ni mwanakwaya isipokuwa kwa sare.

Nikakuangalia. Ulikuwa umesimama pembeni yangu, umenishika shati. Wimbo huo uliujua, bibi yako alikuimbia tangu unanyonya. Mdomo wako ulikuwa umefumba.

Nilimuuliza mama yako tulipofika nyumbani, mtoto anaumwa? Alikuwa anafua sare za kwaya. Akaacha kufua, akaniangalia, akasema, "Hajaimba kanisani tangu ile karatasi. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe." Akarudi kwenye beseni.

Nilikwenda Butiama Jumapili iliyofuata. Wewe nilikuambia nakwenda kupima mlango wa mteja. Niliulizia kwa Mzee Wambura nikaelekezwa mpaka kwenye kanisa dogo nje kidogo ya mji, bati juu, kuta nusu, ng'ombe wanachungwa hadi kwenye ukuta. Nilimkuta uwanjani anaingia. Akanitambua, akasimama. Nikamwamkia, akaitikia kwa sababu aliona nimeinama. Kisha nikaanza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejifunza sentensi njia nzima. Neno "nisamehe" likanishika palepale mwanzoni. "Ni... ni... ni..." Akaweka mkono sikioni, akaniambia niseme kwa nguvu. Nikapaza. "NI... NI..." Watu waliokuwa wanaingia wakasimama wakatutazama, kama nilivyoogopa siku ile, na jasho linanitoka mgongoni. Mzee akaniangalia, halafu akacheka, kicheko cha kweli.

"Wewe huwezi kusema, mimi siwezi kusikia," alisema. "Twende ndani, wameshaanza."

Akanishika mkono akaniingiza. Walikuwa kama watu thelathini, wakulima na wafugaji, wamekaa kwenye mabenchi marefu ya mbao nzito, watu saba saba wamebanana. Alinikalisha pembeni yake, akauchukua mkono wangu akaulaza juu ya benchi, ukiwa wazi, chini ya mkono wake. Kisha akafumba macho na kuimba.

Mimi ni seremala, Nyamisana. Nimeshika mbao maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba benchi linaimba. Sauti za chini za wale wanaume zilikuwa zinaingia kwenye ule ubao, zinatembea hadi kwetu, zinapanda kwenye mfupa wa paja mpaka kifuani. Ubao ulikuwa unatetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Mzee Wambura alikuwa anaimba na mtetemo huo, na alikuwa yupo sawa na wenzake. Alichelewa labda nusu ya neno, na waliokaa naye walimngojea mwisho wa mstari, kama mnavyomngojea mtu anayevuka mtaro, bila kuona kwamba wanafanya jambo kubwa.

Nikakumbuka viti vya plastiki. Nikakumbuka jukwaa langu na mbao zilikotoka. Nilikuwa nimemwondolea yule mtu masikio yake ya mwisho, kisha nikamwandikia kwamba anaharibu wimbo.

Baada ya ibada tulikaa nje kwenye tofali. Nikasema taratibu, yeye akiniangalia mdomo. Nilimwambia yote. Ilichukua muda, unaweza kufikiria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema haikuwa shida, watu wengine wanasemaga haraka, midomo yao inampita, lakini mimi narudia, kwa hiyo ananipata vizuri. Alisema pia kwamba karatasi ile ilimuuma siku chache, sio sana. Alizoea kuambiwa anyamaze tangu mgodini. Kilichomsumbua ni kingine.

"Yule mtoto aliyenisomea," alisema. "Niliona uso wake unavyobadilika. Anaimbaga bado?"

Nikatikisa kichwa.

Akachora chini kwa fimbo. Halafu akasema, "Basi kwangu umemaliza. Kwake hujaanza."

Nilirudi Musoma nimeazimia kukuambia jioni ileile. Nilikukuta umelala kwenye mkeka, daftari la hesabu kifuani, nikasema kesho. Kesho yake nikasema mtoto ameshasahau, nisimkumbushe. Ulipokuwa mkubwa nikasema amekuwa mkubwa, itakuwa ajabu. Baba kumwomba mtoto wake msamaha, nani aliwahi kuona? Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa na adabu. Ikafika miaka kumi na minne.

Yale mengine nilijaribu kuyarekebisha. Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba wimbo wa kwanza na wa mwisho uwe wa wote, spika zizimwe. Mmoja alisema tunarudi nyuma. Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu: watu walisahau kuimba, wakatazama jukwaa wakingoja kuimbiwa, sauti ikatoka nyembamba kama uji wa msiba. Ilichukua karibu mwaka mzima. Nililivunja lile jukwaa nikaongeza mbao za mkaratusi, nikatengeneza mabenchi sita ya mbele. Umeyakalia. Mama mmoja mgumu wa masikio anakaa la pili, hajui kwa nini analipenda, anasema tu hapo ndipo anaposikia ibada. Mzee Wambura hakurudi kwetu. Niliendelea kumtembelea Butiama hadi alipofariki, na siku ya kumzika tuliimba bila haraka.

Wewe ulikua, ukaenda chuo, ukarudi likizo, ukasimama pembeni yetu kanisani na kitabu umekifungua ukurasa sahihi na mdomo umefumba. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa najifanya nasoma maneno ninayoyajua kwa moyo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Bunda kuagiza kitanda. Tukiwa tunapima akaona picha yako ukutani ukiwa na sare. Akasema, huyu namfahamu. Alikuwa amejifungulia kwenye hospitali uliyofanyia mazoezi. Akanieleza kwamba asubuhi kabla ya zamu wauguzi wanasimama katikati ya wodi wanaomba na kuimba, na wagonjwa wanaitikia wakiwa vitandani, na kwamba mara nyingi muuguzi huyu mfupi wa Musoma ndiye aliyekuwa anaanzisha. "Yule akianza, hata mimi na mshono wangu nilikuwa naitikia," alisema. "Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiislamu kitanda cha jirani, naye alikuwa anapigapiga vidole kwenye chuma cha kitanda."

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akacheka, akasema anakumbuka mpaka pengo la meno yako. Alipoondoka nilikata mbao za miguu ya kile kitanda, mbili fupi na mbili ndefu. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu uzaliwe. Halafu ikaja huzuni. Miaka yote nilidhani nimeua wimbo ndani yako. Kumbe wimbo uko hai, ulikuwa unauficha nikiwepo mimi tu.

Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo.

Mwaka jana, kama unakumbuka, nilikwenda Rukuba kutengeneza milango ya nyumba ya walimu, nikakaa mpaka Jumapili. Kanisa lao la pale kambini kwa wavuvi ni bati na nguzo, chini ni mchanga, magamba ya samaki yamechanganyika humo. Hakuna kwaya. Haiwezekani kuwa na kwaya, kwa sababu watu hawatulii: wiki hii wako hapa, wiki ijayo dagaa wamehama nao wamefuata. Wajita, Wakerewe, Wajaluo, Wakurya, kila mmoja na Kiswahili chake. Siku ile wimbo ulianzishwa na mwanamke aliyekuwa amefika juzi yake, mwanika dagaa, hakuna aliyemjua jina. Alikosea kidogo mwanzo. Wakamfuata hukohuko, wakamnyoosha wakiwa njiani, na kufikia beti ya pili walikuwa wanaimba kama watu waliozaliwa nyumba moja. Walipotoka nje ndipo nikasikia wanamuuliza, "Wewe unaitwa nani?"

Nilipenda sana. Nilitamani kubaki Jumapili nyingine. Sikujua kwamba naangalia mahali ambapo mwanangu atapangiwa kazi.

Utakuwa mgeni pale, na utachoka, na kuna siku utampoteza mgonjwa na hutakuwa na neno la kumwambia mtu wala la kujiambia. Mimi najua habari za kutokuwa na neno kuliko watu wengi. Sikuamrishi kwenda popote. Nakuambia tu kwamba wale watu wapo, na kwamba wanajua kumwingiza mtu.

Nisamehe, mama. Nisamehe kwa karatasi, na kwa zile hatua kumi ambazo sikuzitembea, na kwa kukuacha peke yako na jambo zito ukiwa na miaka saba. Si lazima unijibu. Na kanisani kwetu ukija likizo, simama ukiwa umenyamaza kama unataka kunyamaza. Nitasimama karibu yako hivyohivyo, wala sitakuangalia mdomo.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, mmerudi. Nitaitia barua hii kwenye begi lako chini ya sare, uisome ukishafika.

Kesho mwaloni nitataka kukuambia kwaheri kwa kinywa changu mwenyewe. Neno hilo linaanza na K, na K inanitesa. Mama yako atataka kunimalizia, nitamwomba aache. Mwenye boti ataita. Utakuwa hujaisoma barua hii bado, kwa hiyo hutajua kwa nini nang'ang'ana. Natumaini utasubiri.

Baba yako,
Masatu